Njema, Ila

Nilipiga ukelele hospitalini, mtu mzima mimi, na sijuti.

Ilikuwa Kilifi, juzijuzi tu. Nilikuwa nimemsindikiza binti wa dada yangu, ambaye mwaka huu amejifungua mtoto wake wa kwanza, na kichanga chenyewe kilikuwa na mafua yaliyoshuka kifuani. Tulikaa kwenye benchi hadi makalio yakafa ganzi. Tulipoitwa, muuguzi akauliza huku anatafuta kalamu mezani, "Habari ya mtoto?" Na binti yetu, aliyekuwa amelia njia nzima, akafuta macho, akajitengeneza ushungi, akajibu kwa heshima zote, "Njema, alhamdulillahi."

"Ila!" nikapiga ukelele. "Sema ila! Mwambie ila!"

Muuguzi akaangusha kalamu. Waliokuwa nje wakachungulia mlangoni kumtazama mwanamke aliyepandwa na mashetani. Binti wa dada yangu alitamani ardhi ipasuke immeze. Nikatoka, nikaenda kuketi chini ya dirisha. Wewe nawe, kwa kuwa umenikuta leo hapa barazani, kaa karibu nikusimulie hiyo ila ilitoka wapi.

Mimi ni wa Shella, Malindi. Nyumba yetu ilikuwa ya makuti, uani kuna kisima cha maji ya chumvichumvi, na kando ya kisima kichaka cha mvumbasi kilichokuwa kikinukia kila ukikigusa kwa upindo wa nguo. Dada yangu mkubwa alikuwa ameshaolewa huku Kilifi. Baba alikuwa Arabuni akiendesha lori, nami nilimjua zaidi kwa sauti yake ya kwenye kaseti. Mama alifua mashuka katika hoteli moja ya watalii. Aliondoka alfajiri, akarudi jua likizama, vidole vimenyauka kwa sabuni. Kwa hiyo mchana nyumba ilikuwa ya bibi, mama yake mama, na sisi watoto wawili tulikuwa mali yake: mimi, na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kutembea kwa kushika ukuta.

Bibi alikuwa na jambo moja duniani lililomkera kuliko yote, nalo ni mtoto asiyejua kuamkia. Angeweza kukusamehe ukivunja gudulia la maji. Ukipita baraza ya watu bila shikamoo, siku hiyo utajuta. Alinifundisha maamkizi hatua kwa hatua, kama vile wengine wanavyofundishwa kusuka ukili wa mkeka. Kwanza shikamoo. Kisha ukiulizwa hujambo, sijambo. Nyumbani hawajambo? Hawajambo. Habari za tangu juzi? Njema. Na kila jawabu ulitie alhamdulillahi. Nikamuuliza siku moja, je, kama habari si njema? Akanipiga kikofi cha begani, cha mapenzi. "Utasema njema," akaniambia. "Hata nyumba ikiwaka moto utasema njema. Kisha ndipo useme, ila nyumba inawaka moto."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Lakini ndivyo mtaa mzima ulivyozungumza, na hakuna aliyeona ajabu. Mtu angekuja asubuhi na uso umevimba kwa kilio, mkaulizana habari, akasema njema, mkaulizana za jana, njema, za watoto, njema. Halafu anavuta pumzi. Pumzi ile kila mtu aliijua. Mwenye kupepeta mchele aliacha kupepeta, na mwenye kusema alinyamaza, kwa kuwa sasa inakuja ila, na baada ya ila ndio kweli yenyewe. Ilikuwa namna yetu ya kumfungulia mtu mlango kabla hajaingia na mzigo wake. Mpaka leo sijaona adabu nzuri kama ile, na sijaona iliyotuponza kama ile.

Nyinyi wa bara mtanicheka nikisema Malindi kuna baridi. Ipo. Masika yakipita, kusi likianza kuvuma, nguo hazikauki kambani, mito ya vitanda inanuka uvundo, na watoto wa mtaa mzima wanapita wakivuta makamasi. Hapo ndipo bibi alipokuwa tabibu. Kazi yangu ilikuwa kuchuma mvumbasi kabla jua halijapanda. Aliuchemsha katika sufuria kubwa jeusi, akalitua katikati ya ukumbi, akatuinamisha juu yake na kutufunika leso, tukavuta ule mvuke huku jasho na machozi na kamasi vikishuka pamoja. Kisha tangawizi iliyopondwa na ndimu na asali. Kisha habasoda iliyosagwa, chungu hiyo, usiseme. Jioni tulipakwa kifuani mafuta ya nazi yaliyokaangiwa vitunguu saumu, tukalala tunanuka kama mboga. Na uji wa mchele wenye pilipili manga, wa moto wa kuunguza ulimi! Nikwambie kweli, nilikuwa napenda kuugua mafua. Ndio wakati pekee ambao bibi alinibembeleza bila kunipa kazi.

Na tulipona. Kila mwaka tulipona, na bibi akajisifu, nasi tukamsifu. Siku hizi najua kwamba mafua mengi huondoka yenyewe, upakwe mafuta usipakwe. Hayo mafua ya kawaida ndiyo yaliyotulaghai, kwa kuwa yalituzoesha kudhani kila kikohozi ni kile kile cha mwaka jana.

Mwaka ule mdogo wangu alishikwa kama sote. Bibi alimwita Bwana Mkubwa, kwa lile tumbo lake na namna alivyokuwa akitembea kimadaha, mkono mmoja ukutani. Alipiga chafya, akakohoa, akafukizwa, akalia, akapakwa mafuta. Mimi nikapona, yeye akaendelea. Kikohozi kikawa kikavu, kisha kikawa cha majimaji, kisha mwili ukawa moto. Bibi akasema ni homa ya mbu, akampa vidonge vya homa vilivyokuwemo kabatini, maana kwetu kila mwili ukiwa moto mshitakiwa wa kwanza ni mbu. Asubuhi moja mama alimpa ziwa kabla ya kwenda kazini, naye akalishika kidogo, akaliacha, akageuza uso. Mama alisimama mlangoni na mkoba begani, haendi, harudi. "Mama," akamwambia bibi, "leo mpeleke zahanati, tafadhali." Bibi akamwambia nenda kazini, nitampeleka mwenyewe.

Alipomvua fulana amfute kwa maji ya vuguvugu, ndipo nilipoona. Chini ya mbavu palikuwa panabonyea. Kila akivuta pumzi, pale pakaingia ndani, pakawa shimo, kisha pakarudi. Matundu ya pua yalikuwa yakitanuka. Na mwisho wa kila pumzi alitoa mguno mdogo, kama mtu anayenyanyua ndoo. Alikuwa akifanya kazi, masikini, mtoto yule. Alikuwa akifanya kazi nzito kupita ya mama ya kufua. Bibi aliweka kiganja chake pale panapobonyea, akakiacha hapo muda. Kisha akamvika fulana, sweta, kofia ya sufi, akamzungushia leso mbili, maana nje kusi lilikuwa likivuma na upepo ndio uliokuwa adui tuliyemjua.

Njiani alikuwa akisema peke yake. Mimi nilibeba mkoba, namsikia. "Nitamwambia leo ameacha ziwa. Nitamwambia mbavu zinaingia ndani. Nitamwambia pua. Nitamwambia anaguna." Alikuwa akiyapanga vizuri, akiyarudia, asije akasahau moja. Usidhani bibi yangu alikuwa mjinga. Alikuwa ameona kila kitu, na kila alichokiona alikuwa nacho mdomoni tayari.

Zahanati ile haipo tena, wala jina lake silitaji. Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, kila mama na mtoto wake, kila mtoto na kikohozi chake. Daktari, sisi tulimwita daktari, alikuwa kijana wa bara aliyehamishiwa Pwani siku si nyingi, mwembamba, macho mekundu kwa uchovu. Na alikuwa na adabu. Hapo ndipo linaponichoma jambo hili, kwamba alikuwa na adabu. Alikuwa amejifunza maamkizi yetu na akayafurahia. Bibi alipoingia akainuka kidogo kitini. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hamjambo?"

"Hatujambo, alhamdulillahi."

"Na huyu kijana, habari zake?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Usiku amelala?"

"Amelala."

"Na kikohozi?"

"Kimepungua."

Yote hayo yalikuwa kweli. Alilala, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kukesha. Kikohozi kilipungua, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kukohoa. Bibi alikuwa bado katika maamkizi. Kwake yeye mazungumzo hayajaanza. Daktari akaweka kiganja kwenye kipaji cha mtoto, akaona kofia, akaona leso, hakufungua, akaandika. "Mafua haya, bibi, kila mtoto anayo. Mpe hii dawa, atapoa." Nami nikaona bibi anavuta ile pumzi. Naapa nilimwona. Alinyoosha mgongo, akavuta pumzi, mdomo ukafunguka, na daktari akatazama juu ya kichwa chake akasema, "Anayefuata!"

Mwanamke mwingine alikuwa ameshaingia na mtoto analia.

Nje, bibi alikaa kwenye ngazi ya saruji, mtoto mapajani. Akainuka, akakaa. Akainuka tena, akaenda mlangoni, na yule aliyekuwa akipanga watu akamwambia, "Bibi, wewe ushaingia, waache wenzio." Hakusema kwa ubaya. Bibi akarudi. Mtu aliyefundisha Shella nzima namna ya kuingia kwa watu hakujua namna ya kusukuma mlango. Na halafu angeingia aseme nini? Kwamba lile njema halikuwa njema? Alikuwa ametaja jina la Mungu juu yake. Akatazama barabara, akasema, si kwangu mimi, "Sikufika kwenye ila."

Tukarudi nyumbani. Dawa ilikuwa ya rangi ya waridi, tamu, niliilamba kijiko. Mdogo wangu haikumpita kooni.

Mama alirudi jua linazama. Alimchukua, akamfungua leso, akamfungua sweta, akaona. Mpaka leo nasikia ile sauti. "Mama! Hizi mbavu! Ulimwambia daktari?"

Bibi alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, mikono mapajani. "Aliniuliza habari," akasema.

Mama akafumba macho. Hakumgombeza. Angemgombeza vipi? Yeye mwenyewe alikuwa ameulizwa habari mara ngapi siku ile, na wenzake, na wageni, na mlinzi wa getini, na kila mmoja alimjibu njema, huku moyo wake uko kwa mtoto. Alijua lile jibu linavyotoka lenyewe. Akamwita jirani mwenye gari, wakaenda hospitali kubwa, yeye na bibi na mtoto, mimi nikaachwa kwa mke wa jirani.

Walirudi asubuhi. Nilikuwa nimerudi uani kwetu, nachuma mvumbasi, maana nilidhani utahitajika. Mama aliingia kamlaza begani vile abebwavyo mtoto aliyelala, kichwa shingoni, mkono wa mama mgongoni. Nikafurahi. Nilifurahi kabisa, nikakimbia, nikasema, amepona, amelala. Mama akanipita, akaenda kumlaza ukumbini. Hospitalini waliambiwa ni kichomi, homa ya mapafu. Waliambiwa wamechelewa kidogo. Mama alilikumbuka lile neno, kidogo, akawa analirudia siku nzima, kidogo, kidogo, mpaka wanawake wakamshika.

Alizikwa siku ile ile, kaburi fupi kama kreti ya soda. Wanawake wa mtaa wakaja, wakavua viatu mlangoni, ukumbi ukajaa mabuibui na harufu ya udi. Na kila aliyeingia alianza palepale tulipozoea. Hamjambo? Hatujambo. Habari za hapa? Njema, alhamdulillahi. Na mama, macho yamekauka, akijibu kama wote. Ndipo akaingia mzee mmoja wa kike, rafiki wa bibi tangu chuo cha Kurani, akamshika mkono bibi, akamuuliza kwa upole, "Hamjambo hapa?"

"Hatujambo nini?" bibi akasema. Kwa sauti kubwa. "Hatujambo kitu gani? Mtoto amekufa! Alikuwa hapumui, mbavu zinaingia ndani, na mimi nilijua, nikamwambia mtu njema! Njema ya nini?"

Tasbihi zikasimama mikononi. Hakuna aliyewahi kusikia jambo kama lile, na bibi hakuomba radhi.

Tangu siku hiyo hakumjibu mtu njema tena. Ukimwambia habari za asubuhi, anakwambia goti linauma, unga umekwisha, mtoto wa nyumba ya pili anakohoa tangu juzi na mamake hana habari. Alianza na ila, ukipenda sikiliza, hupendi pita. Watoto wakamwita Bi Ila, kwanza kwa siri, kisha mchana kweupe. Wakubwa wakasema msiba umemtoa adabu. Aliyekuwa akialikwa katika kila posa aseme maneno mazuri, wakaacha kumwalika. Na akikutana na mwanamke mwenye mtoto anayekohoa, haamkii, haulizi: "Mvue nguo nimwone." Palepale njiani! Anamfunua mtoto wa watu kifua, anainama, anatazama mbavu, na akiona panabonyea anamsukuma mama kwa mikono miwili, nenda, nenda sasa hivi, na ukifika usiseme hujambo. Walimchukia kwa hilo. Wapo waliokwenda, wakarudi na watoto wao hai, na hao nao hawakumpenda zaidi. Mimi nilimwonea haya, niseme nini, nilikuwa mtoto wa shule.

Yule daktari alihamishwa. Sijui kama aliwahi kujua. Nilimkasirikia miaka mingi, kisha nikakosa mahali pa kuiweka hasira yenyewe. Maana hakumtukana bibi, wala hakumfukuza. Alimwamkia vizuri, akaamini alivyojibiwa. Laiti angekuwa hana adabu. Laiti angemnyang'anya mtoto, akamvua ile kofia.

Yule muuguzi wa Kilifi ndivyo alivyofanya, Mungu amweke. Kabla mimi sijapiga kelele zangu, mkono wake mmoja ulikuwa umeshafika kwenye vifungo vya mtoto. Binti yetu alinisimulia baadaye: alimvua, akamlaza mapajani pa mamake, akatazama kifua na saa yake kwa zamu, akihesabu pumzi dakika nzima, kisha akauliza ananyonya? anatapika? Alimpa dawa, akamwonyesha mama mahali pa kutazama, akamwambia ukiona hapa panaingia ndani, au anapumua mbiombio, au akikataa ziwa, usingoje asubuhi. Mtoto sasa ni mzima. Nasema mzima baada ya kumfunua mwenyewe nikamtazama.

Niliporudi Shella baada ya siku ile, nilizunguka. Kisima kimefukiwa, mvumbasi hakuna, makuti yamekuwa mabati. Zahanati imekuwa duka la simu. Vijana wa barazani wanaulizana vipi, poa, wanaendelea kutazama simu zao, na sina ugomvi nao. Ila hakuna tena anayeacha kupepeta mchele akisikia mwenzake anavuta pumzi. Tulipoteza njema, na ile ila ikapotea nayo.

Bibi mwenyewe aliondoka kwa kifua, akiwa mzee sana, katika kusi. Nilikuwa nimekuja kumwuguza. Dirisha lilikuwa wazi, mama alikuwa jikoni anampondea tangawizi asiyoweza kuimeza. Nilikaa kitandani, nikaifungua leso yake kidogo, nikatazama mbavu kama alivyonifundisha, na nilichokiona nilikiona. Kwa mazoea tu, bila kufikiri, nikamuuliza, "Bibi, habari ya kifua?"

Akanitazama. Tangu nikiwa mtoto sikuwa nimelisikia neno lile kinywani mwake.

"Njema, mwanangu," akasema. "Alhamdulillahi."

Nikamshika mkono, nikanyamaza, nikangoja ila.